Utajiri na Imani: Jawabu ya Suali la Darsani

 

Katika darsa iliyopita ndugu mmoja alituuliza suali ambalo hatukupenda kulijibu kwa haraka. Alisema: "Sheikh, watu wa Ulaya walipokuwa masikini walishika dini, walipotajirika wakaiwacha. Je, na sisi tukijaaliwa mali na elimu tunayoiomba, mwisho wetu si huo huo?" Baadhi ya waliohudhuria walicheka, wakasema hayo ni ya Wakristo, hayatuhusu. Sisi twaona yatuhusu sana. Wazee wetu walikwisha kusema kuwa mwenzio akinyolewa, nawe zako tia maji.

Na tuanze na hisabu. Katika sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2001, katika kila watu 100, watu 72 walijiandika Wakristo na 15 walisema hawana dini. Mwaka 2011 Wakristo walikuwa 59, na wasio na dini 25. Mwaka 2021 Wakristo wakashuka hata 46, na wasio na dini wakafika 37. Yote hayo ni katika miaka 20, umri wa kijana mmoja.

Sababu isemwayo na wengi ni mali. Pippa Norris na Ronald Inglehart, katika kitabu chao cha mwaka 2004, wanasema kuwa mtu asiyeogopa njaa wala maradhi wala uzee hupungukiwa na haja ya dini. Neno hili lina ukweli ndani yake. Zamani masikini wa Uingereza alitazamia parokia yake imsaidie, na mtoto wake akisomeshwa na kanisa. Kisha serikali ikayashika mambo hayo: skuli kwa sheria ya mwaka 1870, bima ya wafanyakazi mwaka 1911, matibabu ya bure mwaka 1948. Hayo ni mema, wala hatumlaumu anayemtibu mgonjwa. Lakini aliyekuwa akienda kanisani kwa ajili ya mkate, mkate ulipopatikana kwengine hakurudi. Katika Sura Yunus tumeelezwa habari ya watu wa chomboni, ambao mawimbi yakiwazunguka humwomba Mungu kwa ikhlasi, na wakisha kuokoka hurejea katika uasi wao. Imani ya dhoruba haivuki forodhani.

Hata hivyo, mali peke yake haitoshi kuwa sababu. Marekani katika miaka ya 1950 ilikuwa na utajiri mkubwa kuliko nchi zote, na makanisa yake yalijaa. Mwaka 1956 ilifanya neno la kumtegemea Mungu kuwa kauli rasmi ya taifa. Kwa uchunguzi wa Gallup, mwaka 1999 watu 70 katika 100 walikuwa wanachama wa kanisa, sinagogi au msikiti; mwaka 2020 walikuwa 47. Utajiri ulikuwako nyakati zote. Basi kilichobadilika ni nini?

Sisi twaona kilichokatika ni kupokezana. Mwaka 2005 David Voas na Alasdair Crockett walichunguza nyumba za Uingereza, wakaona kuwa wazazi wawili walioshika dini huwarithisha watoto wao kwa nafasi ya nusu tu. Akiwa mshika dini ni mzazi mmoja, nusu hiyo hukatwa nusu tena. Lakini wazazi wasio na dini karibu wote huwarithisha watoto wao hali hiyo. Basi wengi wa watu wale hawakushindwa kwa hoja. Walizaliwa katika nyumba ambamo Mungu hatajwi ila kwa kiapo.

Wala si kwamba mafunzo yalikosekana. Robert Raikes alianzisha chuo cha Jumapili mjini Gloucester mwaka 1780, na katika karne iliyofuata vyuo hivyo vikaenea kila pembe. Wazazi wengi waliwapeleka watoto wao, na wenyewe wakabaki nyumbani. Tena sheria ya mwaka 1944 iliamrisha skuli zianze siku kwa ibada. Mtoto akasikia dua asubuhi, na jioni asimwone babake akiomba. Alipokua alimfuata babake.

Na sisi je? Twampeleka mtoto chuoni, twamlipa mwalimu, tukajiona tumekwisha. Mtoto yuko ndani anakariri, babake yuko barazani na simu mkononi, na adhana ya Magharibi imemalizika zamani. Na sisi masheikh tuna sehemu yetu, tusijifiche. Kijana akiuliza kwa nini, mara nyingi twamkaripia kuwa asikufuru. Hunyamaza, nasi twadhani amekinai.

Ndugu yule tulimjibu kwa kumuuliza: mwanao amekuona ukiswali mara ngapi wiki hii? Hakujibu, wala hatukumshikilia.

Kuanzia darsa ijayo baada ya Magharibi, kila baba na aje na mwanawe, na kina mama na mabinti zao upande wao. Maswali ya watoto yataandikwa bila majina na kusomwa mbele ya wote. La kwanza tumekwisha kuletewa, la kijana wa miaka 13: ikiwa Mwenyezi Mungu hahitaji kitu, kwa nini ametufaradhishia swala? Tutalijibu, Inshallah, babake akiwa ameketi kando yake.