Vidonge vya Shinikizo la Damu Kabla ya Upasuaji

Mgonjwa anayepangiwa upasuaji huambiwa asile wala asinywe kwa saa kadhaa. Wengi wenye shinikizo la damu hudhani katazo hilo linahusu pia vidonge vyao, wakaviacha nyumbani. Kwa mkazi wa Kisaki aliyekwisha kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Morogoro, kuvifuata si jambo jepesi, hasa wakati wa masika.

Dawa ya usingizi, na hata ganzi ya mgongoni, hulegeza mishipa ya damu na kushusha shinikizo. Mpira wa kupumulia unapoingizwa kooni, na mgonjwa anapozinduka, shinikizo huweza kupanda ghafla. Moyo ambao shinikizo lake halikudhibitiwa huyastahimili mabadiliko hayo kwa shida. Hatari yake ni shambulio la moyo au kiharusi.

Hata hivyo, dawa hizi hazifanani:

1. Atenololi na propranololi hupunguza kasi ya moyo. Zikikatizwa ghafla, moyo huweza kwenda mbio na kifua kubana. Kwa kawaida huendelea kumezwa, kwa funda dogo la maji.

2. Amlodipini nayo kwa kawaida huendelea.

3. Losatani, kaptoprili na enalaprili huweza kulishusha shinikizo kupita kiasi mgonjwa akiwa usingizini. Mara nyingi husimamishwa saa 24 kabla.

4. Dawa za kukojosha maji mara nyingi hazimezwi asubuhi ya upasuaji.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa asiache wala kumeza dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Uamuzi ni wa mtaalamu wa usingizi, naye huutegemea ukweli anaoambiwa. Apelekewe pakiti zote, hata zilizokwisha, na aelezwe dozi iliyomezwa mwisho pamoja na dawa za miti shamba.

Inafaa shinikizo lipimwe katika zahanati au kituo cha afya wiki kadhaa kabla ya safari. Likifika 180/110, upasuaji usio wa dharura huweza kuahirishwa. Upasuaji wa dharura hausubiri. Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa nao wazijue dawa zake. Kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, mgonjwa aulize siku ya kuanza tena kila kidonge.