Kupepesuka Si Kulewa Daima: Somo Kuhusu Ugonjwa wa Kurithi

Mtu mzima akianza kupepesuka kijijini, watu husema upesi, "Huyo amelewa." Ndugu yake naye akianza, basi ni, "Hiyo boma imelogwa." Leo tujifunze juu ya ataksia, ugonjwa wa kupepesuka ambao huweza kurithiwa.

Tuchukue mfano wa mkoa wa Holguín, mashariki mwa Kuba. Ukilinganisha na idadi ya watu, huko ndiko kunakojulikana kuwa na wagonjwa wengi zaidi duniani wa aina iitwayo SCA2.

Chanzo ni nini?

Ndani ya chembe hai za mwili kuna maagizo yaitwayo DNA. Yameandikwa kwa besi nne: A, T, C na G. Fikirini ushanga wa rangi nne. Ukitungwa vingine, agizo nalo hubadilika.

Katika jeni ya ugonjwa huu, besi tatu, C-A-G, hurudiwa mfululizo. Watu wengi wanazo kama mara 22. Zikifika mara 33 au zaidi, mwili hutengeneza protini iliyorefuka kupita kiasi. Hiyo huharibu polepole chembe za ubongo wa nyuma, unaosawazisha mwendo. Miguu hukosa mizani, ulimi huwa mzito, macho hugeuka polepole. Hapo hakuna pombe wala uchawi. Jeni hii ilitambuliwa mwaka 1996.

Hurithiwa namna gani?

Kila mtu ana jeni hiyo mara mbili: moja ya baba, moja ya mama. Mzazi mwenye moja ndefu aweza kumpa mtoto ile ndefu au ile ya kawaida. Ni kama kurusha shilingi, na hurushwa upya kwa kila mtoto. Wa kwanza akirithi, si kwamba wa pili amesalimika. Asiyeirithi hawezi kuwapa watoto wake. Tena ushanga huo waweza kurefuka ukipita kwa mtoto, na kwa kawaida ukirefuka ugonjwa huanza mapema zaidi.

Tufanye nini?

1. Tumpeleke mgonjwa hospitali. Kupepesuka kuna sababu nyingi, na nyingine hutibika.
2. SCA2 haina dawa ya kuiponya, lakini mazoezi husaidia. Huko Holguín wagonjwa hufundishwa kusimama na kutembea kwa mizani. Nyumbani, tumwekee mahali pa kushika njiani kuelekea choo.
3. Tusimtenge. Ugonjwa huu hauambukizi.
4. Kupimwa DNA ni hiari ya mtu mwenyewe, baada ya kupewa ushauri. Asilazimishwe.

Maswali ya kujadili kikundini

- Je, kuna mtu tuliyemwita mlevi bila kumwuliza anavyojisikia?
- Kikundi chetu kinaweza kuisaidia vipi familia yenye mgonjwa kama huyu?