Ndovu Wako Wapi, na Saa Ngapi?

Kijiji cha Rukanga kimekaa chini ya Mlima Kasigau, kati ya ranchi zinazounganisha mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mahali kama hapa habari haingoji gazeti. Zamani ilitoka kwenye baraza la chifu, kanisani baada ya ibada, au kwa abiria aliyeshuka kwenye matatu ya kutoka Voi. Sasa inatoka mfukoni: kundi moja la WhatsApp hubeba ndovu, msiba, mkutano wa wazazi, oda za vyondo na maombi ya alfajiri, yote kwa pamoja. Hapo ndipo adabu inapoanza kutafutwa.

Ndovu wakionekana karibu na mashamba usiku, ujumbe uandikweje?

Mara nyingi huandikwa hivi: “Ndovu wameingia jamani!!!” Alama tatu za mshangao, mahali hakuna. Mtu wa kijiji cha Jora anatoka na tochi, wa Bungule naye anatoka, na chini ya ujumbe yanapangana majibu ishirini: “Wapi?” “Mungu wetu.” “Wangapi?” Mwenye shamba anayehitaji kujua anapekua majibu hayo kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga.

Si jambo dogo. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280 Kenya nzima, na kundi kubwa kuliko yote liko Tsavo. Ndovu mmoja hula mahindi ya msimu kwa usiku mmoja, na anayemkaribia gizani anaweza asirudi.

Ujumbe unaofaa ni mfupi na una vitu vinne: siku na saa, mahali, idadi na upande wanaoelekea. “Jumanne, saa mbili na nusu usiku. Ndovu watano, kando ya bwawa, wanaelekea upande wa shule. KWS wamepigiwa.” Neno hilo la mwisho, kwamba shirika la wanyamapori (KWS) limepigiwa, lina kazi yake, kwani bila hilo kila mmoja hudhani mwenzake amepiga. Kisha aliyeanzisha habari ndiye aifunge: “Saa nne, wamevuka, wamerudi porini.” Wengi husahau hapa, na kijiji kinakesha bure. Na asiwepo wa kuomba picha. Picha nzuri ya ndovu usiku hupigwa na mtu aliyesimama pabaya.

Saa na siku za nini, na simu yenyewe huonyesha?

Simu huonyesha saa, lakini si saa ya tukio. Ujumbe ukisambazwa kutoka kundi moja hadi jingine, hubeba saa ya kusambazwa. “Wako barabarani sasa hivi” ya jana usiku ikitumwa tena leo saa kumi na mbili asubuhi, watoto wanazuiwa kwenda shule kwa sababu ya ndovu waliokwisha lala. Tena kuna wanaowasha data mara moja kwa siku ili bando lisiishe, nao hupokea kila kitu kwa mkupuo. Neno “leo” halimsaidii mtu wa namna hiyo.

WhatsApp yenyewe iliuona ugonjwa huu. Mwaka 2018 ilianza kuweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, mwaka 2019 ikazuia kuutuma kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mpigo, na Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliokwisha zunguka sana ukawa hauendi ila sehemu moja kwa wakati mmoja.

Habari ya kifo ni ya nani kutangaza?

Ya familia. Kuna mtoto aliye kazini Mombasa ambaye hajapigiwa, na hastahili kujua kwa kusoma “R.I.P” kati ya tangazo la mbuzi na tangazo la chanjo. Familia ikishatangaza, pole zitolewe kwa sauti, kwa kupiga simu au kufika. Pole mia moja na hamsini kundini huifukia nambari ya mchango na siku ya mazishi. Tangu 2022 WhatsApp ina alama ndogo za kuujibu ujumbe bila kuandika; kundini hizo zinatosha.

Ujumbe wa M-Pesa unaweza kunakiliwa kundini kama ushahidi wa mchango?

Unaweza, ila ukatwe. Ujumbe wa M-Pesa huonyesha pia salio lililobaki, na wengi huunakili wote kama ulivyo. Ndivyo kijiji kinavyojua kwamba aliyetoa mia mbili alibakiwa na elfu arobaini, na mazungumzo yakauacha msiba. Nambari ya muamala, jina na kiasi vinatosha kwa mweka hazina.

Na picha za watoto wa shule?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka kibali cha mzazi. Septemba 2023, shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 na ofisi ya Kamishna wa Data kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila kibali hicho. Picha ya siku ya michezo ikawa ghali kuliko michezo yenyewe.

Mtu akishukiwa wizi, picha yake itumwe ili watu wajihadhari?

Hapana. Apigiwe naibu wa chifu au polisi. Kasigau inajua tuhuma za jumla zinavyofanya kazi: mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwashuku wenyeji kuwa waliwasaidia Wajerumani, wakawahamisha watu kwa pamoja hadi Malindi. Wengi walifia huko, na waliosalia hawakurudi nyumbani hadi miaka ya 1930. Siku hizo tuhuma ilihitaji serikali na askari ili isambae. Leo inahitaji kidole gumba.

Msimamizi wa kundi ana wajibu gani?

Mkubwa kuliko wengi walivyodhani walipokubali cheo. Julai 2017, kabla ya uchaguzi mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) zilitoa mwongozo unaowataka wasimamizi wadhibiti yanayosemwa kwenye makundi yao. Sheria ya Utangamano ya 2008 nayo inaweka faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki. Tangu 2022 msimamizi anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine. Akifuta, amwandikie mwenyewe faraghani kwa nini; kumkemea mzee mbele ya wajukuu zake ni kosa la pili. Na mambo ya ndovu yapewe kundi lake, lisilo na maombi wala matangazo ya biashara, ili simu ikilia usiku mtu ajue ya nini.

Wasio na simu za WhatsApp je?

Wapo, na mara nyingi ndio wenye mashamba ya pembeni. Ujumbe ukitoka saa tatu usiku, kila mtaa uwe na mtu mmoja wa kuwapigia wenye simu ndogo za kabambe au kuwagongea mlango. Kazi hiyo iende kwa zamu, maana naye hulala.