Mkimbiaji wa Kawaida Hashindani na Mtu

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia mbio ndefu. Hatuwasemi mabingwa wanaokimbilia fedha na medali, bali akina mama, akina baba na vijana wanaotoka alfajiri kukimbia, kisha wakaenda kazini au shambani. Nasi tumo katika kundi hilo, kwa hiyo tunawaeleza tuliyoyapitia.

Kwa nini tulianza

Hatukuanza kwa kupenda. Tulipimwa tukakutwa na shinikizo la damu, ugonjwa uliomletea marehemu baba yetu kiharusi. Daktari alitupa dawa, akatushauri tupunguze chumvi na tufanye mazoezi. Tena akatuonya: mazoezi husaidia kushusha presha, lakini mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Siku ya kwanza tulikimbia kutoka nyumbani hadi kisimani, mwendo usiofika nusu kilomita. Tulifika tunahema, na watoto wa jirani wakatucheka. Kesho yake tulirudi, safari hii tukichanganya kutembea na kukimbia.

Kosa letu

Baada ya miezi miwili pumzi ilikuja, tukajiona tumeiva. Tulitamani kumaliza nusu marathoni, yaani kilomita 21 na ushei, katika mbio zinazofanyika Moshi kila mwaka. Basi kutoka kilomita 3 tukarukia 10, kila siku, bila kupumzika. Juma la tatu ugoko uliuma hata kuchuchumaa kukawa taabu. Tulikaa majuma sita bila kukimbia, na presha iliyokuwa imeanza kushuka ikapanda tena.

Hapo ndipo tulipoelimika. Moyo na mapafu huzoea mazoezi mapema, katika majuma machache. Mifupa na kano huchukua miezi. Kwa hiyo mtu huwa na pumzi ya kwenda mbali kabla miguu yake haijawa tayari. Mwenda pole hajikwai.

Tukabadili lengo

Wengi tunamkumbuka John Stephen Akhwari, mwenyeji wa Mbulu. Katika marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1968, mjini Mexico City, alianguka akaumia goti. Alifika akichechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57, na ndiye wa mwisho kati ya waliomaliza. Hata hivyo dunia inamkumbuka hadi leo. Hatusemi mtu akimbie na jeraha. Yeye alikuwa mwanariadha aliyetumwa na taifa lake. Tunachojifunza kwake ni kwamba kumaliza nako kuna heshima yake.

Nasi tukaacha kutazama saa. Lengo letu likawa kukimbia mara 3 kwa juma, mwaka mzima, bila kuumia.

Mambo ya kushika

1. Pima afya kwanza, hasa ukiwa umepita miaka 40, au una presha, kisukari au ugonjwa wa moyo.

2. Kimbia mwendo unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako. Ukishindwa kusema, punguza.

3. Ongeza umbali kidogo kidogo, na uwe na siku za kupumzika.

4. Vaa raba zinazokutosha vizuri. Zikiisha soli, badilisha.

5. Kunywa maji unaposikia kiu. Kujaza maji kupita kiasi katika mbio ndefu hupunguza chumvi katika damu, na huweza kuua.

6. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda ovyo, simama mara moja, uende hospitali.

Asiyeweza kukimbia atembee kwa haraka. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma. Dakika 30 kwa siku 5 zinatosha kuanzia.

Mwaka uliofuata tulikwenda Moshi. Tulimaliza kwa karibu saa tatu, tukiwa tumepitwa na wazee kwa vijana. Lakini furaha yetu kubwa ilikuwa kwenye kadi ya kliniki, ambako presha ilikuwa imeshuka, na daktari akatupunguzia dawa. Siku hizi binti yetu hututangulia mlangoni alfajiri.

Je, nyumbani kwenu kila mtu mzima anajua kipimo chake cha presha? Jumamosi hii mwende pamoja mkapime, na kurudi mrudi kwa miguu.