Somo: Mtoto Huyu ni wa Ukoo Mzima



Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulificha ndani ya nyumba.

Huku Masalani mtoto akizaliwa, nyumba hujaa watu. Lakini mama mmoja alituambia hivi: "Wale wanne wa kwanza, jamaa wote walikuja. Huyu wa tano, walipomwona uso, waliacha kuja." Mtoto alikuwa na hali inayoitwa Down. Baba alikuwa mbali na mifugo, na ndugu zake wakasema, "Hii haikutoka kwetu." Miezi minne mama alikaa ndani na mtoto wake.

Aliyefungua mlango ni ayeeyo, mama ya mume. Siku moja alimbeba mtoto mpaka sokoni. Kila aliyeuliza alijibiwa neno moja: "Mjukuu wangu." Basi watu wakaanza kuja tena.

TUJUE KWANZA

Down si laana, si jini, si kosa la mama wala la baba, na haiambukizi. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana, na kwa kawaida kila chembe ina kromosomu 46, nusu za mama na nusu za baba. Mtoto wa Down ana 47, kwa sababu ile ya namba 21 iko mara tatu badala ya mbili. Jambo hili lilijulikana mwaka wa 1959 kwa kazi ya Jérôme Lejeune na wenzake huko Ufaransa. Mama akiwa na umri mkubwa hutokea zaidi, lakini hata wasichana huzaa watoto hawa, katika kila kabila na kila dini. Hakuna dawa ya kuiondoa. Lakini mtoto hujifunza, ila polepole.

KILA MTU NA KAZI YAKE

1. Nyanya na babu: Muwe wa kwanza kumpakata na kumwita kwa jina lake. Mkikataza lawama, nani atabisha?

2. Shangazi na mama wadogo: Misuli ya mtoto huyu ni laini, kwa hivyo huchoka haraka akinyonya. Mama anahitaji muda mrefu wa kukaa naye. Mchukulieni maji, kuni na upishi. Usimpe mashauri mengi, muulize tu, "Leo nikusaidie nini?"

3. Wajomba na baba wadogo: Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na shida ya moyo. Ni lazima apimwe moyo, masikio na macho. Nauli ya hospitali isiachiwe wazazi peke yao. Mtoto akihema sana, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, msingoje kesho. Tena kaeni na baba ya mtoto. Yeye pia ameumia, hata kama hasemi.

4. Watoto wa ukoo: Chezeni naye, mwimbieni, mtajieni vitu kwa majina. Akichekwa, simameni upande wake.

5. Aliyesoma katika familia: Fuata cheti cha kuzaliwa, na umsajili katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Kipengele cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kuheshimiwa na kusoma. Uliza ofisi ya elimu kuhusu kituo cha kumpima, ili ajulikane atafaa shule gani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama peke yake atachoka, na akichoka, mtoto ndiye atakayeumia.

TUJADILIANE

- Katika kijiji chetu, ni nyumba gani tuliacha kutembelea? Kwa nini?
- Ni maneno gani tunayosema yanayomfanya mama afiche mtoto?
- Kikundi chetu kinaweza kutenga kiasi gani kwa nauli ya hospitali?

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja achague kazi moja kati ya hizo tano, aifanye, halafu atuletee habari.