Nyatiti na Benga: Maneno kwa Msafiri wa Kisumu

Msafiri afikaye Kisumu akiwa na siku mbili tu asizitumie kwa mashua za kutazama viboko pale Dunga, wala kwa alama ya ikweta iliyoko Maseno, ambayo haina faida zaidi ya picha moja. Kwani jambo adhimu la ufuo huu wa ziwa ni muziki wake, na yeyote aondokaye bila kuusikia hakufika.

Aanze mchana kwa nyatiti. Kinubi hiki cha Wajaluo, chenye nyuzi nane, hupigwa na mtu aliyeketi kwenye kigoda kifupi, njuga mguuni, na pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu agongeacho chombo, hata mtu mmoja akawa ngoma, uzi na sauti kwa pamoja. Maseno, mji wa shule iliyoasisiwa na wamisionari mwaka wa 1906 na wa chuo kikuu kinachofundisha muziki, uko kiasi cha kilomita 25 kutoka Kisumu kwa barabara ya Busia. Huko wanafunzi ndio wa kuulizwa ni mzee gani wa jirani apigaye, na mzee huyo alipwe mkononi mwake, si kwa dalali wa stendi.

Benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, ilizaliwa katika nyuzi hizo, pale vijana wa miaka ya 1950 na 1960 walipolidonoa gitaa kwa mapigo ya nyatiti. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanganyika, aliivumisha kwa bendi yake ya Shirati Jazz, na santuri za mtayarishaji Oluoch Kanindo zikafika hata Zimbabwe, ambako mtindo huo uliitwa Kanindo. Misiani alifariki kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu mwaka wa 2006. Miongozo niliyoisoma husifu samaki wa kukaanga kurasa nzima, isimtaje hata kwa jina, na hiyo ni dhuluma.

Usiku, katika kumbi za mtaa wa Kondele mjini Kisumu, kiingilio aghalabu si kikubwa. Fedha huenda kwenye pakruok, desturi ambayo kwayo mhudhuriaji husimamisha muziki kwa kutoa fedha, akajisifu, au akasifu nasaba yake, rafiki au mchumba. Mgeni akitajwa, watu wote humtazama. Huo si ulaghai, bali ndio riziki ya wanamuziki, kwa hiyo aje na noti ndogo ndogo, naye asimtumie pesa kwa simu mtu yeyote ajidaiye mkusanyaji wa bendi.

Kilichoniudhi kwa dhati ni nauli ya kurudi. Bodaboda ambaye jioni aliridhika na bei ya kawaida, usiku wa manane hudai mara tatu yake, na wengine hutaja bei baada ya kufika, ilhali abiria hana hoja tena. Patana kabla ya kupanda, au, lililo bora, mwagize mapema dereva wa tuktuk aliyekuleta arudi kukuchukua, umlipe mwisho wa safari. Bendi huchangamka baada ya saa nne za usiku. Usiondoke kabla ya hapo.