Kufunga Nywele kwa Somo la Ngoma: Fundo Lisilolegea na Lisiloumiza

Mwanachuo anapoandaa somo la ngoma huangalia mambo mengi: uwanja, manyanga, mavazi, mapigo na hatua. Nywele aghalabu husahauliwa hadi saa yenyewe ya somo. Hapo ndipo mtoto mmoja husimama kila mara kuziondoa machoni, mwingine akakanyaga pini iliyoanguka, na duara zima likavurugika. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kufundisha ufungaji wa fundo la nywele litakalodumu kipindi kizima. Tunasema kufundisha, wala si kumfungia mtoto. Kwani mwalimu mwenye wanafunzi arobaini hawezi kufunga vichwa arobaini kabla ya kengele kulia.

Sharti la fundo katika masomo ya densi limeenezwa hasa na baleti, densi ya jukwaani iliyokulia Ulaya. Mchezaji wa baleti hufunga nywele nyuma ya kichwa ili mstari wa shingo uonekane, na pia ili kichwa kiweze kugeuka upesi. Anapozunguka, macho yake hushika alama moja, mwili hutangulia, kisha kichwa hugeuka ghafla na kuirudia alama ile ile. Mkia wa nywele ulio huru humchapa usoni wakati huo. Madarasa ya baleti yapo hata Nairobi, na sharti hili limekuja nayo. Lakini lilizoeleka kwa nywele za singa, na hapo ndipo linapozuka tatizo kwa watoto wetu wengi, ambao nywele zao ni za kipilipili. Mwalimu akitaka nywele hizo zilale bapa mithili ya kitambaa kilichopigwa pasi, hana budi kuzivuta kwa nguvu. Naye mtoto, kwa kuwa anatamani kucheza, atanyamaza.

Mvuto huo una gharama. Nywele zikikazwa mara kwa mara, tena kwa muda mrefu, mashina yake hudhoofika na nywele hunyonyoka, kwanza kwenye paji la uso na panjani. Waganga walikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1907, walipoliona huko Greenland kwa watu waliokuwa na desturi ya kukaza nywele nyuma ya kichwa. Likitambuliwa mapema na mvuto ukaondolewa, nywele huota tena. Likiachwa miaka mingi, upara hubaki. Dalili za mwanzo mwalimu anaweza kuziona mwenyewe bila kifaa chochote: vipele vidogo kwenye ukingo wa nywele, vinyweleo vifupi vilivyokatika, na mtoto anayekunja uso akiguswa kichwani.

Kwa hiyo mwanachuo na aelewe tangu mwanzo kwamba fundo imara halishikwi na ngozi ya kichwa iliyovutwa. Hushikwa na shina lake, yaani mahali nywele zote zinapokusanyika na kufungwa mpira. Shina likikaa vema, nywele zilizo baina yake na paji zaweza kulegea kiasi bila hasara yoyote.

Kwa nywele za singa kazi ni fupi. Nywele huchanwa, hukusanywa, hufungwa mpira uliovikwa kitambaa (mpira mtupu hukata nywele), kisha mkia husokotwa na kuzungushwa juu ya shina lake, ukibanwa kadiri unavyozunguka. Pini ya miguu miwili ina siri yake, nayo yafaa ionyeshwe polepole. Ncha zake huchota kwanza nywele chache za ukingo wa fundo, zikielekea nje. Kisha pini hupinduliwa ielekee katikati, huchota nywele za kichwani zilizo chini, na kusukumwa mpaka ifichike. Pini iliyochomekwa moja kwa moja bila kupinduliwa haikushika kitu. Itatoka kwa mruko wa tatu. Pini sita au nane zatosha. Mtoto anayehitaji ishirini hana shina.

Kwa nywele za kipilipili njia bora imo tayari katika usukaji wetu. Nywele husukwa mistari inayotoka ukingoni na kukutana mahali pamoja, kwa namna ya ule msuko wa twende kilioni, ila mistari huelekezwa pale fundo litakapokaa. Mistari yenyewe ndiyo shina. Ncha za misuko huzungushwa na kubanwa kwa pini chache, au hata kufungwa kwa uzi. Msuko huo hudumu wiki nzima, na kila siku ya ngoma kazi ya fundo huwa ya dakika mbili tu. Tunapendekeza mistari iwe minene kiasi na ianze nyuma kidogo ya vinyweleo laini vya paji. Nywele zisifungwe zikiwa mbichi kwa maji, kwa sababu zinapokauka hujikunja na kuongeza mvuto. Mafuta ya nazi kidogo yanatosha kulainisha.

Mahali pa fundo hutegemea ngoma, na hili wanachuo wengi hawalifikirii. Katika baleti huwekwa juu ya kisogo, kwenye mstari unaotoka kidevuni na kupita sikioni. Katika ngoma zenye kujipindua na kubingirika, kama zile za sarakasi za Wakamba, fundo la kisogoni litamwumiza mtoto alalapo chali, lipandishwe utosini. Mchezaji atakayebeba mtungi au kikapu kichwani huhitaji kinyume chake: utosi uwe wazi kwa ajili ya kata, na fundo lishuke karibu na shingo. Msichana avaaye ushungi naye afunge chini, tena fundo pana na bapa, ili kitambaa kisiteleze.

Tukija kwenye mbinu ya kufundishia, tunashauri kipindi cha kwanza kisiguse kichwa cha mtoto yeyote. Mwalimu achukue kibuyu, akibandike nyuzi ndefu za katani, na kila kikundi cha watoto wanne kipewe kimoja. Faida yake si wepesi wa mazoezi pekee. Katika shule nyingi wanafunzi hutakiwa kunyoa, na wavulana karibu wote wamenyoa. Kwa kibuyu hakuna anayekaa pembeni. Aidha, mapunye na chawa husambaa kwa vitana vya kushirikiana, kwa hiyo katika kipindi cha pili, watoto wanapofungana wawili wawili, kila mmoja aje na kitana chake na pini zake. Asiye na nywele asilazimishwe kuvaa za bandia. Ngoma haina haja nazo.

Upimaji na ufanywe kwa mwili, si kwa macho. Mtoto aruke mara kumi, atikise kichwa kulia na kushoto, azunguke mara tatu. Fundo likicheza, shina lirudiwe. Kisha ainue nyusi na kucheka: ikiwa ngozi ya paji imekaza na macho yamevutika, fundo lifunguliwe hapo hapo, hata kama limependeza. Mtoto aambiwe waziwazi, mbele ya wenzake, kwamba kusema "linaniuma" ni sehemu ya zoezi.

Zibaki dakika tano mwishoni mwa kipindi kwa kufungua. Kila mtoto ahesabu pini zake anapozirudisha koponi, na zikipungua zitafutwe kabla darasa halijatawanyika, maana wanaofuata uwanjani hucheza miguu mitupu.